Gitaa la umeme ni la mwaka gani na limetoka wapi? Maswali mnayouliza sana kuhusu seriali namba

Haya maswali hayaishi. Wapigaji wa kwaya huku Ngarenaro na Sakina, wachalii wanaoanzisha bendi Majengo Moshi, mtu katumiwa picha WhatsApp ya gitaa linalouzwa Nairobi na anataka kujua kabla hajatuma hela, wote wanauliza yale yale, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Jambo moja nalisema mapema mana majibu yote yamesimama hapo: namba peke yake haithibitishi kitu. Inathibitisha pale inapokubaliana na gitaa lenyewe, yaani mbao, bati, skrubu na poti za ndani (vile vifaa vilivyo chini ya vitufe vya volyumu na toni), kama vile chesisi namba ya pikipiki inavyotakiwa ilingane na kadi na injini. Anayetengeneza feki kitu cha kwanza anachokopi ni namba, kwake ni kazi ya dakika moja.

Seriali namba naiangalia wapi?

Anza nyuma ya kichwa, pale mashine za kukazia nyuzi zilipo. Magitaa mengi ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 70 yana namba hapo au mbele ya kichwa chini ya jina. Ukikosa, geuza gitaa uangalie lile bati la chuma lenye skrubu nne (mengine tatu) linaloshika shingo na bodi. Ukikosa na hapo angalia pale shingo inapokutana na bodi, kuna stika wakati mwingine. Yale magitaa yenye matundu ya umbo la herufi f mbele, namba inakaa kwenye karatasi ndani, unamulika na tochi ya simu.

Namba ikiwa imefifia usikwangue na usipake spiriti, nyingi ni stika nyembamba chini ya vanishi na ukisugua ndo unaimaliza. Mulika tochi kwa pembeni, taa ilale kabisa, upige picha, utaona tarakimu zinajitokeza zenyewe.

Fender yangu namba inaanza na herufi, hizo herufi zina maana gani?

Kwa Fender za Marekani herufi ni muongo na tarakimu inayofuata ni mwaka. S ni miaka ya 70, E ya 80, N ya 90, Z ya 2000. Kwa hiyo S8 ni 1978, N5 ni 1995, Z4 ni 2004. Kuanzia 2010 wameandika wazi zaidi, US10 ni 2010, US15 ni 2015, unasoma tu.

Za Mexico zina M mbele: MN ni miaka ya 90, MZ ni ya 2000, MX na tarakimu mbili ni 2010 kuja huku. Hizi zinatoka kiwanda cha Ensenada, ni mji wa pwani karibu na mpaka wa Marekani, na kiwanda kipo tangu 1987. Kwa hiyo mtu akikwambia ana Fender ya Mexico ya 1979, hapo mazungumzo yameisha.

Usichukulie mwaka kama cheti cha kuzaliwa lakini. Stika zilikuwa zinachapwa kwa wingi, zikibaki zinatumika mwaka unaofuata, na shingo inaweza kukaa stoo miezi kabla haijafungwa kwenye bodi. Kuna Fender zimeandikwa N9 ambazo ni za 1990 wala sio 1999, stika zilichapwa vibaya zikatumika hivo hivo. Toa mwaka mmoja au miwili huku na huku na utakuwa salama.

Halafu E inachanganya watu sana, mana Fender za Japani nazo zilitumia E kwenye miaka ya 80. Hapo unasoma maandishi ya nchi kwanza ndo unarudi kwenye herufi. Japani walianza 1982 na namba zinazoanza JV, na hizo JV wapigaji wanaziheshimu sana, ukikutana nayo Kilombero au Memorial kwenye mitumba usilipite hilo gitaa.

Fender yangu namba iko kwenye bati la nyuma, haina herufi. Ni ya zamani?

Inaweza kuwa. Toka miaka ya 50 mpaka 1976 Fender waliweka namba kwenye chuma, na kwa sehemu kubwa ni hilo bati la shingo. Ukikuta L na tarakimu tano inakupeleka takriban 1962 mwishoni hadi 1965. Bati lenye F kubwa limekuja baada ya Fender kuuzwa kwa CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, mwaka 1965, na wafanyabiashara wa magitaa ya zamani wanapenda kugawa kabla ya CBS na baada ya CBS, bei inabadilika hapo hapo.

Ila elewa jinsi ilivyokuwa kiwandani. Mabati yalikuwa kwenye boksi na fundi anachukua linalokuja mkononi, hakuna aliyepanga moja mbili tatu, kwa hiyo namba ndogo inaweza kuwa kwenye gitaa lililotoka baadae na namba kubwa kwenye lililotangulia. Na bati ni skrubu nne tu. Mtu mwenye bisibisi analihamishia kwenye gitaa lingine wakati chai inapoa. Ndo mana kwa Fender hizi tarehe ya kuaminika zaidi iko kwenye kisigino cha shingo, ile sehemu inayoingia ndani ya bodi, wameandika kwa penseli au kugonga muhuri. Kuiona lazima ulegeze nyuzi ufungue shingo, kazi ya fundi anayejua, sio ya kufanyia barazani.

Kuna mtego mwingine. Bati lenye V mbele ya namba ni la toleo la kurudia mitindo ya zamani, walianza 1982. Gitaa linaonekana la 1962 kabisa, rangi, plastiki, kila kitu, na muuzaji anaweza akaamini kwa moyo mweupe kwamba ni la 1962. Sio. Ni gitaa zuri sana lakini lipe umri wake.

Gibson nasomaje?

Gibson ni raha ukishaielewa. Kuanzia 1977 namba ina tarakimu nane, imegongwa ndani ya mbao nyuma ya kichwa na chini yake MADE IN USA. Ya kwanza na ya tano ukiziweka pamoja ni mwaka. Ya pili mpaka ya nne ni siku ya mwaka. Tatu za mwisho ni foleni ya siku hiyo.

Tuchukue 82765501. Ya kwanza 8, ya tano 5, ni 1985. Katikati 276, siku ya 276 kwa mwaka huo ni tarehe 3 Oktoba. Mwisho 501, na enzi hizo 500 kwenda juu ni kiwanda cha Nashville, chini ya hapo Kalamazoo, mji walikoanzia. Kalamazoo kilifungwa 1984, kwa hiyo Nashville inakubaliana na mwaka. Umeona inavyojiangalia yenyewe?

Katikati ya 2005 wakaongeza tarakimu moja ya fungu, zikawa tisa. Kwa mfano 016672345, ya kwanza 0 na ya tano 7 ni 2007, siku ya 166 ni 15 Juni. Mwaka 1994 walifanya tofauti, kampuni ilikuwa inatimiza miaka 100, na nyingi za mwaka huo zinaanza na 94 moja kwa moja. Za 2014 zinaanza na 14.

Za miaka ya 60 sitakudanganya kwamba namba inatosha, Gibson walirudia namba zile zile kwa miaka tofauti na magitaa mawili yanaweza kuwa na namba moja. Hapo unategemea poti, vifaa na umbo. Ishara moja nyepesi: muhuri wa Made in USA kwenye Gibson umeanza 1970, kwa hiyo ukiukuta kwenye kichwa cha gitaa linalosemwa ni la 1964, uliza maswali zaidi.

Nimeona Gibson Les Paul bei poa sana, namba ipo na Made in USA ipo. Nichukue?

Subiri kwanza. Les Paul ndo gitaa linaloongoza kwa feki, na feki nyingi zina namba nzuri kabisa wameinakili kutoka gitaa halisi. Piga hesabu niliyoonyesha hapo juu, siku ikizidi 366 basi aliyeandika hakujua anaandika nini. Ikikubali, nenda kichwani mbele, kuna kifuniko kidogo cha plastiki chini ya jina. Gibson wanakifunga kwa skrubu mbili. Tatu ni feki au ni Epiphone au mtu kabadilisha. Kifungue, ndani kuna fimbo ya kunyooshea shingo, ya Gibson ina nati ya shaba unayoizungusha kwa spana ya bomba, ukikuta tundu la alenki (ufunguo wa pembe sita) weka gitaa chini taratibu umshukuru mwenyewe uondoke.

Angalia na brigi, lile daraja la chuma linaloshika nyuzi kwenye bodi. Feki nyingi zina nguzo nene zenye mfereji mkubwa wa bisibisi juu. Na namba ipapase kwa kidole, kwa Les Paul za kawaida za miaka hii imezama kwenye mbao, kama ni rangi tu juu juu jiulize. Matoleo ya karakana yao maalum yana namba ya wino, lakini hayo ni magitaa ya bei kubwa kabisa na hayauzwi kwa haraka haraka stendi.

Epiphone ni Gibson?

Ni kampuni ya Gibson tangu 1957, ila magitaa yenyewe kwa miaka mingi yanatoka Asia, Japani kuanzia 1970, baadae Korea, halafu China na Indonesia. Za kuanzia 2008 ni rahisi: tarakimu mbili za mwaka, mbili za mwezi, mbili za kiwanda, zilizobaki ni foleni. Namba inayoanza 120315 ni Machi 2012 kiwanda nambari 15, ambacho ni Qingdao, China. Za kabla ya hapo zina herufi mbele, S ni kiwanda cha Samick na U ni cha Unsung, vyote vya Korea, EE ni Qingdao, halafu mwaka na mwezi vinafuata.

Squier je?

Hilo ndo gitaa ninaloulizwa kuliko yote, makanisa mengi huku yamejaa Squier. Ni jina la Fender la bei ya chini, wamelitumia kwenye magitaa tangu 1982 Japani. Ukikuta ICS ni Indonesia, kiwanda cha Cort, Squier, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, ICS14 ni 2014. KC97 ni Korea, Cort, 1997. Za mwanzo kabisa za Japani ni JV na SQ, na hizo bei yake ni nyingine kabisa. Kama unauza Squier ya baba yako na namba inaanza JV usikubali bei ya kwanza utakayotajiwa.

Ibanez?

Ibanez ni ya Hoshino Gakki, kampuni ya Nagoya, na za Japani nyingi zimetengenezwa na kiwanda cha FujiGen. Kati ya 1975 na 1986 herufi ya kwanza ni mwezi, A ni Januari mpaka L Desemba, halafu mwaka, kwa hiyo F78 ni Juni 1978. Kuanzia 1987 F ile ile ikawa na maana nyingine, sasa ni FujiGen, na tarakimu moja inayofuata ni mwaka, mpaka 1997 ilipokuwa mbili. Unaona tatizo, F8 inaweza kuwa Juni ya miaka ya 80 au FujiGen ya 1988, hesabu tarakimu na uangalie modeli, mana modeli zenyewe zina miaka yake.

Nyingi zinazoletwa huku zinaanza na I, ni Cort Indonesia, mwaka na mwezi vinafuata: I1104 ni Aprili 2011. C ni Cort ya Korea.

Yamaha?

Yamaha wanaweka herufi badala ya tarakimu za mwaka na mwezi, na funguo ya kusoma inatofautiana kiwanda na kiwanda, halafu herufi hizo hizo zinajirudia kila baada ya muda. Usitumie jedwali moja kwa Yamaha zote. Soma nchi kwanza, angalia modeli, halafu ndo herufi. Ukiwa na Pacifica ujue jina hilo limeanza 1990, kwa hiyo huna haja ya kuhangaika na miaka ya 80.

Gitaa halina namba kabisa, au imefutwa makusudi

Hayo ni mambo mawili tofauti. Magitaa mengi ya bei ya chini, na yale ya kuunga mwenyewe, hayakuwahi kuwa na namba na hakuna ubaya. Lakini ukiona nyuma ya kichwa pamesagwa na msasa, mbao nyeupe na vanishi imeisha ghafla, acha. Hilo limefutwa namba kwa sababu, na ukikamatwa nalo wewe ndo utakayejieleza.

Kwa yasiyo na namba beba alenki ndogo. Vitandiko vya nyuzi kwenye brigi vina skrubu ndogo za kupandisha na kushusha, magitaa ya Asia mara nyingi yanakubali alenki ya milimita 1.5, Fender za Marekani ni inchi 0.050, ambayo ni kama milimita 1.27. Alenki ya milimita 1.5 haiingii kabisa kwenye ya Marekani. Ni kipimo kidogo lakini kimewaokoa watu.

Poti zinasema nini?

Hapa ndo pananoga. Poti ni zile za volyumu na toni, na za Marekani zina namba imegongwa mgongoni. Legeza nyuzi, toa skrubu za plastiki ya mbele (au fungua kifuniko cha nyuma kama ni Les Paul), inua taratibu mana waya ni fupi na zimechomelewa. Futa vumbi. Utaona kitu kama 1377633. Tarakimu tatu za kwanza ni aliyetengeneza, 137 ni CTS na 304 ni Stackpole. Mbili zinazofuata ni mwaka, 76. Mbili za mwisho ni wiki, ya 33, yaani Agosti. Za miaka ya 50 mwaka una tarakimu moja tu. Mara nyingi risasi ya kuchomelea imefunika tarakimu ya mwisho, usiikwangue, mwaka unakutosha.

Hiyo tarehe inakwambia gitaa haliwezi kuwa la zamani kuliko poti. Linaweza kuwa jipya zaidi: Fender walinunua poti nyingi sana za 1966 wakawa wanazitumia mpaka karibu 1969. Na kabla hujahitimisha angalia risasi yenyewe, ya zamani imefifia na ina vumbi limeganda, ikiwa inang'aa ujue poti ilibadilishwa na tarehe yake haikuhusu.

Muuzaji hataki nifungue

Ana haki, ni mali yake, na sio kila anayekataa ni tapeli. Mwombe afungue yeye na wewe uangalie, au mkutane kwa fundi mnayemwamini wote na wewe ulipie hiyo kazi. Kwa gitaa la mbali omba picha za nyuma ya kichwa, bati la shingo, brigi kwa karibu, na moja ya gitaa zima likiwa na karatasi yenye tarehe ya leo. Akikataa hata picha, na anauza kwa jina la Gibson au Fender ya Marekani, mimi nakushauri uache.

Limeandikwa Indonesia. Nimepigwa?

Hapana, na hili nalisema kwa uzito wote. Umepigwa kama ulilipa bei ya Marekani. Kiwanda cha Cort kiko Surabaya na kinatengenezea makampuni mengi unayoyajua, na nimesikia Squier za Indonesia zikishika solo kwenye ibada Njiro kwa sauti safi kabisa, shingo imenyooka, freti zimesawazishwa. Hela uliyookoa nunua nyuzi na mlipe fundi aliweke sawa.

Mzee alipiga kwenye bendi enzi zile, gitaa liko juu ya kabati. Litakuwa na thamani?

Usilipake rangi na usibadilishe chochote kabla hujajua. Huku kumekuwa na muziki, ndugu wa Kinyonga walikuwa na Arusha Jazz mwaka 1970 kabla hawajaenda Nairobi kuwa Simba Wanyika, na magitaa ya enzi hizo yapo kwenye nyumba za watu. Mengi sio Fender wala Gibson. Soma jina, soma nchi, fungua uone poti, na kila skrubu na plastiki iliyovunjika weka kwenye mfuko mmoja na gitaa. Halafu kaa na mzee umuulize alilinunua wapi, nani alikuwa nalo kabla, rekodi maneno yake kwenye simu. Picha ya bendi mzee akiwa amelishika ina uzito kuliko namba.

Kuna tovuti ya kuangalia?

Fender wana sehemu kwenye tovuti yao unaingiza namba inakupa maelezo, kwa za karibuni inafanya vizuri. Kwa zingine kuna majedwali mengi mtandaoni, linganisha mawili matatu. Kumbuka tovuti inaisoma namba tu, haijaliona gitaa.

Gitaa la kanisa limeibiwa, namba inasaidia?

Sana, kama mliiandika kabla. Polisi wakifungua RB wanataka kitu cha kulitofautisha na mengine, na "gitaa jeusi la Squier" halitoshi, Arusha nzima yako mangapi. Leo hii piga picha nyuma ya kichwa na bati la shingo la kila gitaa na besi ya kwaya, na kovu lolote lililopo, mfano rangi imebanduka wapi, sigara imeunguza wapi. Tuma kwa katibu, tuma kwa mwenyekiti, na risiti piga picha pia mana zile za mashine zinafutika. Likiibiwa, sambaza namba kwa mafundi wa magitaa na wanaouza vyombo vya muziki Arusha, Moshi na mpaka Namanga siku hiyo hiyo, wengi wao hawataki kununua matatizo na watakupigia.